Simu Kutoka Maktaba

Jumatatu, 3 Machi

Jana nilipika sufuria kubwa tena. Mkono umezoea! Baba watoto tulishamzika, binti kaolewa mbali, kitindamimba wangu naye kahama tangu Januari kufuata kazi, lakini mkono bado unapima mchele wa watu wanne. Nimekula jana. Nimekula leo. Kesho nitakula tena. Wali wa siku tatu unaanza kukutazama usoni.

Jirani wa kushoto hatusemeshani. Nilimwambia tu ukweli kuhusu mumewe. Jirani wa kulia hatusemeshani vilevile. Nilimwambia ukweli kuhusu mume wa yule wa kushoto.

Basi nimeamua. Kabla mwezi huu haujaisha, mtu wa maktaba atakaa kwenye kiti changu siku ya Jumapili, ale, ashibe, aombe kijiti cha meno, asiwe na haraka. Nimesema!

Kwa nini mtu wa maktaba? Kwa sababu ndiko niliko. Mie ni mama mizigo pale mlangoni pa maktaba ya chuo kikuu. Huruhusiwi kuingia na begi. Unanipa mie, nalitia kwenye kishubaka, nakupa kibao cha namba. Wanafunzi wote wananijua. Lakini wafanyakazi wenyewe wa maktaba hawapiti kwangu. Wana mlango wao wa nyuma, wana chumba chao cha chai ghorofani. Ikifika saa nne wanacheka huko juu, kicheko kinatoka dirishani kinanidondokea kichwani kama maji ya kufulia. Sijui wanacheka nini. Inaniuma hiyo kuliko goti.

Daftari hili lilisahauliwa kwenye kishubaka, mwenyewe hakurudi, kurasa nyeupe tupu. Kuandika si fani yangu, shule niliiacha mapema. Lakini mdomo ukikosa sikio, mkono utafanyaje?

Jumanne, 4 Machi

Leo nimepanda ghorofani na keki.

Nilimwachia mlinzi wa mlango meza yangu. Alinitazama na keki yangu akacheka puani. Huyu mlinzi ananikera. Yeye kila saa nne anashushiwa kikombe cha chai kutoka juu, tena na kisahani kimefunikwa! Kafanya nini cha ajabu? Kusimama. Hata mlango unasimama.

Nikaingia. Niliowakuta ni hawa. Mkuu wa maktaba, mie namwita Bwana Nyata kwa sababu anatembea kama paka aliyeiba samaki, viatu havitoi sauti. Mama Muhuri, anayeazimisha vitabu pale kaunta kubwa, mwanamke wa shingo ndefu, akigonga muhuri utadhani anaua nzi. Na Mama Gundi, anayeshona vitabu vilivyochanika kwenye chumba cha nyuma, kajibana kwenye kona na kikombe chake. Na wengine wawili watatu wa kupanga rafu.

Nikawakatia keki. Wakasema ahsante. Kisha kimya. Salaale, kimya gani kile! Watu wanatafuna kwa adabu. Nikaona hapa lazima mtu achangamshe baraza. Nikawatolea habari moja motomoto: kuna mwalimu wa historia, mwenye mkoba wa kahawia, jana kaniachia mkoba wake, na ndani mna chupa ya manukato ya kike, yamefungwa utepe mwekundu. Sikuufungua mie! Zipu ilikuwa wazi kidogo, nikaiongeza tu. Nikawaambia, mzee yule na kipara chake, manukato ya nani kama si ya kimada?

Nikasubiri wacheke.

Mama Muhuri akaweka keki chini. Akaniuliza taratibu mkoba huo una kitasa kilichovunjika upande mmoja? Nikasema ndio huohuo, dada, kumbe nawe umeuona!

Kumbe ni mumewe.

Nimeshuka ngazi bila sahani yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Habari zimenifikia kupitia kwa mlinzi, ambaye hajawahi kuwa na furaha kama leo. Manukato yale yalikuwa ya Mama Muhuri mwenyewe. Ijumaa ni siku yake ya kuzaliwa. Mume alikuwa anataka kumshtukiza. Badala yake yeye ndiye kashtukizwa, kalala sebuleni siku mbili.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini ukiangalia vizuri, kosa ni la zipu.

Bwana Nyata kaja kunikaripia. Mtu wa ajabu, hata kukaripia anakaripia kwa kunong'ona. Sikusikia kitu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia Mkuu, ongeza kidogo, sikio hili linaingia upepo. Mara ya tatu ndipo nikapata neno: nibaki kwenye meza yangu, chumba cha chai si cha watu wa mizigo. Angeacha kwenye mara ya pili ningelala vizuri.

Jioni kapita Mama Gundi. Kasimama kwenye meza yangu, vidole vimekauka gundi nyeupe kama mtu aliyekandika ukuta. Kasema pole. Kasema huko nyuma kwake ana birika lake mwenyewe, na kiti cha pili kipo, nije nikipata nafasi. Nikamwambia ahsante, nitaona. Nitaona wapi! Chumba kinanuka gundi, hakuna dirisha la mbele, na hakuna anayeingia humo isipokuwa vitabu vigonjwa. Mie nataka kukaa na watu, nisikie kicheko. Mama Gundi hachekeshi hata akiteleza.

Sasa, jambo kubwa la leo. Kuna binti mmoja anasoma udaktari, begi lake zito kama ana mtoto ndani. Kasimama pale kwangu simu yake ikaita. Kaweka sauti nje. Nani? Mama Muhuri! Lakini hebu sikia: habari za mchana, ndugu msomaji? Hali ya nyumbani? Masomo yanaendeleaje? Sauti laini, asali na maziwa! Mtu ambaye mie nimempungia mkono tangu mwaka juzi hajanyanyua kidole!

Nikamdaka yule binti. Binti kanieleza. Ukiazima kitabu, na mwingine akakitaka, Mama Muhuri lazima akupigie simu ukirudishe. Na Bwana Nyata kaagiza: salamu kwanza, hali ya nyumbani, ndipo kitabu. Kuna tangazo kabisa limebandikwa ndani.

Kwa hiyo ukiwa na kitabu ambacho mtu anakitaka, unaulizwa hali ya nyumbani.

Sijalala.

Ijumaa, 7 Machi

Nina kadi ya maktaba! Wafanyakazi wote wa chuo tunayo, hata wafagizi. Yangu ilikuwa kabatini ndani ya kibati cha vifungo. Wanafunzi wanaruhusiwa vitabu viwili, wafanyakazi kumi. Kumi!

Kujua kipi kinatakiwa ni kazi ndogo kwangu. Wanafunzi wanalalamika mbele ya meza yangu kutwa nzima kama mie ni mganga. Mitihani inaanza tarehe kumi na saba, na wote wa udaktari wanakitafuta kitabu kimoja kikubwa cha mifupa, jalada jekundu. Kikirudi asubuhi, mchana hakipo.

Leo asubuhi kimerudi. Nimekipata kabla hakijapoa.

Mama Muhuri hakuniangalia. Shingo ile! Alinukia vizuri lakini, manukato yamefika salama. Nilitaka kumpongeza kwa siku yake nikaona kaushika muhuri, nikaacha. Akaniuliza bila kuinua kichwa, hiki utakisoma? Nikamwambia mie na mifupa, dada yangu, hunitoi. Akagonga. Pah! Nikaruka.

Kitabu nimekibeba kwa bega. Nimekifungua nyumbani. Picha za mifupa tupu, haina hata nyama. Nimekifunga. Nimeweka simu mezani, nimeitazama. Haijaita. Ndio kwanza siku ya kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Imeita!

Nilikuwa nafua. Jumamosi mlinzi ndiye anashika mizigo, mie nipo nyumbani. Nilikimbia na povu mpaka viwikoni. Habari za asubuhi, ndugu msomaji? Nzuri! Hali ya nyumbani?

Sasa mtu akikuuliza hali ya nyumbani utafanyaje? Unamweleza. Nikaanza na goti, kwa sababu lilianza kabla ya kiuno. Nikaja kwa kitindamimba, kwamba anapiga simu mwisho wa mwezi, mama nina haraka, mama nakupigia, hapigi. Nikaja kwa paa. Nikaja kwa jirani wa kushoto, lakini mumewe nilimruka, nimejifunza. Nikamweleza kwamba jioni ndiyo mbaya, mchana una kelele zake, lakini ikifika magharibi nyumba inakuwa na masikio bila mdomo.

Nikavuta pumzi.  Ndipo akauliza, samahani, huyu si mama mizigo? Nikasema ndiye! Akasema kitabu cha mifupa kina foleni ya watu kumi na wanne, nikirudishe Jumatatu. Sauti imebadilika, asali imekwisha, imebaki nyuki.

Lakini aliuliza. Hilo halifutiki. Na alisikiliza mpaka kwenye paa.

Jumanne, 11 Machi

Nimechukua vingine. Sasa ninavyo kumi kamili. Saba vinatakiwa haswa: cha mifupa, viwili vya sheria, kimoja cha hesabu za takwimu ambacho kinawatoa watu machozi, na vitatu vya uhasibu. Vitatu vilivyobaki nimechukua kujaza idadi, vilikuwa na rangi nzuri.

Simu zinaita! Leo imeita mara nne. Shida ni moja, ninapopigiwa nipo kazini, na Mama Muhuri yupo ndani pale, tunaonana kwa kioo. Ananipigia ananitazama. Habari za asubuhi, ndugu msomaji, anasema hivyo meno yamebana. Nikampungia mkono. Nikamwambia ya kwako? Akageuza kiti.

Bwana Nyata ni mtu wa kanuni. Mama Muhuri alitaka aje tu mlangoni anidai, kamwambia hapana, utaratibu ni simu, na salamu ni lazima. Mungu ambariki Bwana Nyata na viatu vyake.

Mlinzi kaniuliza tangu lini nimekuwa msomi. Kasema kwa sauti wanafunzi wasikie, eti mama mizigo sasa anasomea sheria, mtu akipoteza begi atamshtaki. Wakacheka. Nikamwambia afadhali mie ninayesoma kitabu kuliko wewe unayesoma viatu vya watu. Wakacheka zaidi. Kicheko kizuri, lakini cha wanafunzi. Kinachukua begi lake kinaondoka.

Kuna kitu kimenichoma leo. Yule binti wa udaktari kaja kulia kwenye meza yangu. Mtihani wiki ijayo, kitabu cha mifupa hakuna, kuna mtu mmoja kakikalia, hataki kukirudisha, mtu gani asiye na huruma! Nikamfuta machozi kwa khanga. Nikamwambia dunia ina watu, mwanangu. Nikampa karanga. Kisha nikamshauri apande juu akalalamike kwa nguvu, na wenzake wote wapande, Mama Muhuri apige simu kila saa.

Baadaye ndio nikajisikia vibaya. Nilikula karanga zilizobaki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Wanafunzi walipanda kweli. Walikuwa wengi, walipiga kelele ndani ya maktaba, kelele! Bwana Nyata alitoka mbio akinyamazisha watu, kidole mdomoni, hakuna aliyemwona. Ndipo utaratibu ukavunjika. Wamekuja wote wawili, yeye na Mama Muhuri, mpaka kwenye meza yangu. Mara ya kwanza kuja pamoja tangu nianze kazi! Nikawakaribisha. Nikawauliza wana mizigo?

Mama Muhuri akaniambia, mama, vitabu kumi, kesho asubuhi, hapa. Kidole kwenye meza yangu, tak tak.

Nikashika kiuno. Nikamwambia dada yangu, kubeba kimoja kimoja kwenda nacho nyumbani niliweza, lakini kumi kwa pamoja kurudi navyo? Na hiki kiuno? Nilichokueleza kwenye simu? Akasema basi ulete viwili viwili. Nikamwambia cha mifupa peke yake kinahesabika viwili. Nikawaambia maktaba si ina gari? Mie nakaa mtaa wa tatu kutoka kituo cha mafuta, mlango wa bluu, hampotei. Na kwa kuwa kesho na keshokutwa gari lenu nasikia linakwenda tawi la pili, mje Jumapili. Mchana. Saa saba hivi.

Bwana Nyata akakubali! Kanong'ona, lakini safari hii masikio yangu yalikuwa mapana kama ungo. Jumapili, saa saba, watakuja na gari, kwa sababu Jumatatu ni mtihani.

Nusura kila kitu kiharibike. Walipoondoka tu akatokea Mama Gundi. Kasikia. Kasema hakuna haja ya gari wala kusubiri, yeye jioni hana pa kuwahi, tupande basi pamoja mpaka kwangu, yeye abebe nusu, mie nibebe nusu, tukimaliza hata tunywe chai. Nikamwambia hapana, mama! Hapana kabisa! Nikamshukuru mpaka akarudi nyuma. Watu wengine wanakuua kwa wema.

Nimenunua kuku wawili. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji mie naumwa.

Jumapili, 16 Machi

Niandike haraka kabla sijasahau hata kijiko.

Nimeamka alfajiri. Nimefagia mpaka chini ya friji. Nimetandika kitambaa cha meza cha harusi ya binti. Vitabu nikavitawanya: viwili jikoni, kimoja bafuni, kimoja juu ya kabati, cha mifupa chini ya godoro, na kadhalika. Si kwa ubaya. Mtu akitafuta kitu nyumbani kwako, anaizoea nyumba.

Saa saba gari limesimama. Wamekuja wanne: Bwana Nyata, Mama Muhuri na orodha yake, dereva, na Mama Gundi kwenye kiti cha nyuma, sijui nani alimwita. Jirani wa kushoto kachungulia dirishani, wa kulia kachungulia. Nikasalimia kwa sauti ya mtaa mzima, karibuni wageni wangu, mbona mmechelewa!

Hawakutaka kukaa. Bwana Nyata kanong'ona wamekuja kikazi. Mama Muhuri kauliza viko wapi. Nikasema vipo, vipo, nyumba ina mambo mengi, tuvitafute. Wakaanza kutafuta. Mama Gundi akakikuta cha uhasibu chini ya sufuria ya wali, mgongo wa kitabu umebabuka. Kakishika kama mtoto mwenye homa. Akaupapasa mgongo ule kwa kidole. Ningependa angenigombeza.

Ila kuku alikuwa ananukia. Dereva ndiye alianza. Kasema yeye si mtu wa vitabu, ni mtu wa gari, akavuta kiti. Nikampakulia. Alipofika kwenye paja, Bwana Nyata akasema labda maji tu. Nikamletea maji na sahani. Mama Muhuri akasimama mlangoni na orodha yake muda mrefu, mpaka nikamwambia, dada, kuhusu manukato yale nisamehe, lakini leo nimekunusa na mumeo anajua kuchagua. Akataka kukunja uso, uso ukamshinda. Akakaa.

Wamekula! Watu wanne kwenye meza yangu! Mama Muhuri kamaliza shingo ya kuku, kainyonya, shingo kwa shingo. Nikawasimulia mkoba wa mwalimu mmoja ambao ulianza kulia humo kishubakani, kila mtu kakimbia, mlinzi kalala chini, kumbe ni saa ya mezani. Bwana Nyata kacheka. Jamani! Mtu anayenong'ona, kumbe kicheko chake ni kama mbuzi aliyebanwa kwenye geti! Alistuka mwenyewe. Ndio kicheko kile, kile cha saa nne, leo kimetokea hapa kwangu, na mie nilijua kinacheka nini.

Vitabu vyote kumi vikapatikana. Mama Muhuri akavipanga pale mezani, katikati ya mifupa na vikombe vya chai, akatoa muhuri wake, akagonga kimoja kimoja. Kimerudi, kimerudi, kimerudi. Kisha akanyoosha mkono akaomba kadi yangu. Akaitia kwenye mkoba. Akasema pole, mama, ni kanuni. Sauti haikuwa ya nyuki lakini.

Kadi imekwenda. Nikaona hapa hawarudi tena maishani. Basi dereva anabeba vitabu, wengine wanavaa viatu, nikakichomoa kimoja. Chembamba, cha kijani. Nikakitia chini ya mto wa kiti. Hakuna aliyeniona! Kikikosekana itabidi wapige simu. Wakipiga simu itabidi waje. Akili hii ningeisomea ningekuwa mkuu wa chuo.

Mama Gundi kabaki nyuma. Alikuwa anaosha vyombo, hakuna aliyemwambia. Kajifuta mikono, kaniambia chakula kizuri, hajala mezani na watu siku nyingi, naye anakaa peke yake. Akauliza kama Jumapili ijayo anaweza kuja, hata bila gari. Ataleta birika.

Nikamwambia Jumapili ijayo nina wageni.

Sijui kwa nini mdomo ulitoka hivyo. Lakini niseme nini, kwamba sina mtu? Na tena, wakija akina Mama Muhuri kufuata kitabu, nafasi itatosha? Kasema haya, siku nyingine. Gari likapiga honi.

Jumatatu, 17 Machi

Wamepita mlango wa nyuma.

Nilidhani leo watapita mbele. Nilivaa kilemba kipya. Saa nne wamecheka juu, nikajaribu kusikia kama wanacheka ile ya saa ya mezani. Mlinzi kashushiwa kikombe chake. Nikampungia mkono Mama Muhuri kwa kioo, kainua kidole kimoja. Kimoja! Ni mwanzo.

Binti wa udaktari kapita na kitabu cha mifupa kwapani, anacheka. Kasema mtu yule katili kakirudisha! Nikamwambia Mungu mkubwa.

Simu haijaita. Wanahesabu labda mwisho wa wiki.

Jumapili, 23 Machi

Nimepika kuku mmoja. Kitambaa cha harusi. Viti vinne, na cha tano pembeni kama dereva atakuja na mwenzake.

Saa saba. Saa nane. Simu nimeiweka juu ya sahani ili niisikie ikitetemeka.

Kwenye saa tisa hivi ndio nikakumbuka, nikajipiga kofi. Muhuri! Mama Muhuri alivigonga vyote hapahapa mezani. Kwenye hesabu zake kitabu cha kijani kimerudi nyumbani kwake, kimelala raha kwenye rafu. Atanipigiaje kwa kitabu alichokigonga mwenyewe? Labda mtu akiomba, wakitafute wakikose, ndipo wakumbuke. Nikakitoa chini ya mto nisome jina. Kinahusu mabomba ya maji machafu. Sasa nani ataomba mabomba ya maji machafu? Sikuchagua vizuri, nilitazama unene tu.

Lakini nimeshapata dawa. Kesho asubuhi, wanafunzi wa uhandisi wakileta mabegi, nitawanong'oneza mmoja mmoja kwamba nimesikia kwa mwalimu fulani, sitaji jina, mtihani wote unatoka kwenye kitabu cha kijani cha mabomba. Mmoja akijua, wote wamejua. Mpaka mchana watakuwa wamepanga foleni mpaka barabarani! Mama Muhuri atapinda shingo ile hajui aanzie wapi. Nimecheka peke yangu mpaka kuku kapoa.

Halafu simu ikaita. Niliirukia, sahani ikadondoka. Alikuwa Mama Gundi. Namba kaipata kwa mlinzi. Kauliza wageni wangu wamefika salama? Nikasema wamefika! Wamejaa mpaka uani! Nikanyoosha mkono nikaongeza redio, walikuwa wanatangaza mpira, nikamwambia unawasikia? Kasema anawasikia. Kasema basi niwafurahie, yeye alikuwa amekaa tu akasema anisalimie. Akauliza na hali ya nyumbani?

Nikamwambia njema, nikakata haraka. Mama Muhuri anaweza kupiga wakati wowote, asije akakuta laini inatumika.